Minyoo wa Binti Mkasi

Benchi la kando ya gereji lilijaa mapema siku hiyo, maana wenye shughuli nyingi wote walikuwa wamekaa. Bosi, ambaye hajawahi kuajiri mtu wala kuajiriwa, alikuwa kashika upande wenye kivuli. Spana, fundi pikipiki, alishika kikombe cha kahawa mkono mmoja na plagi ya mteja mkono wa pili. Katikati alijibana Mkasi, fundi cherehani, ndani ya suruali iliyopigwa pasi vizuri mno kwa mtu asiyekwenda popote. Saa nane mchana huo, chuoni ng'ambo ya barabara, binti yake angesimama mbele ya maprofesa kuutetea utafiti wake. Alimwalika baba yake tangu juzi. Baba akajibu kwamba ana nguo za watu.

Nguo za watu zilikuwa dukani, yeye yuko benchini, na roho inamuuma. Alimsomesha mtoto aje kutibu watu. Mtoto kaenda kutafuta vimeng'enya kwenye mishipa ya fahamu ya minyoo wa baharini.

— Kimeng'enya ndiyo nini? aliuliza Bosi.

— Kile cha kusaga chakula tumboni, alijibu Mkasi. Shuleni tulifundishwa hivyo.

— Sasa cha tumboni kinatafuta nini kwenye mishipa ya fahamu?

Spana alishaelewa, kama anavyoelewa ubovu wa kila pikipiki kabla hajaifungua. Mishipa ni nyaya, akasema, na kimeng'enya ni fyuzi. Binti anatafuta fyuzi ilipo ili mnyoo awashwe na kuzimwa. Bosi akamwona anawaza kitoto. Mnyoo akishawashwa, alieleza, anamezwa na samaki, samaki anafika sahanini kwako, na hapo mnyoo anasikia yote unayopanga na mkeo.

— Mke gani, Bosi?

— Nimetoa mfano.

Hatimaye wakakubaliana kuwa minyoo wakishaelimika watachukua kazi za watu, hatari iliyomtisha Bosi kuliko wote.

Mkasi alicheka nao. Kila alipocheka alijichukia zaidi, na bado alicheka.

Mwenye plagi, mama mmoja aliyekuwa amesimama muda wote akisubiri pikipiki yake, akamgeukia.

— Samahani, baba. Yeye mwenyewe anasema anatafuta nini?

Spana akaitazama plagi kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Bosi akaomba aongezewe kahawa. Mkasi alikumbuka mezani kwake, binti amesukuma sahani kando, anasema, "Baba, ngoja nikueleze," naye akamwambia ampe chumvi.

— Sijawahi kumuuliza, alisema.

Mkasi akaweka kikombe chini, akasimama.

— Kaa bwana, kahawa yako bado, alisema Bosi. Na wewe utaelewa nini kule?

Mkasi alikuwa ameshafika ukingoni mwa barabara, anawapungia madereva mkono wampishe.