Mama Filomena Kasiani, Aliyewaamkia Tembo

Ndugu waombolezaji, mama yetu Filomena Kasiani alizaliwa tarehe 9 Agosti 1948 katika nyumba za wafanyakazi wa reli pale Kidete, akiwa mtoto wa pili wa mzee Kasiani na bibi Agnesi. Babu alitoka Tabora kufuata kazi ya kutengeneza njia ya reli. Nyumba yao ilikuwa kati ya reli na mto Mkondoa, na marehemu aliviogopa vyote viwili. Treni ikipita aliingia uvunguni. Mto ukijaa hakulala. Siku moja babu alimshika mkono, akamsimamisha mbali kidogo na reli wakati treni inakuja, akamwambia, "Mwamkie. Ni mkubwa kuliko wewe." Mtoto akapiga goti, akasema shikamoo, na treni ikapiga honi. "Umesikia?" babu akasema. "Ameitika." Tangu siku ile marehemu hakuacha kuogopa, ila alipata la kufanya akiogopa.

Alianza shule hapohapo Kidete mwaka 1957, akaishia darasa la nne. Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana. Lakini akiitwa ubaoni alimwamkia mwalimu mara mbili, mara tatu, kabla ya kushika chaki. Wenzake walicheka. Mwalimu aliitika zote.

Tarehe 28 Septemba 1968 alifunga ndoa kanisani Kilosa na baba yetu, mzee Stefano, aliyekuwa akifanya kazi katika shamba la katani. Wakajaliwa watoto watatu, Oswald akiwa wa kwanza. Kazi ya katani ilipokwisha, mwaka 1988, wakati watu wengi walipokuwa wakianza biashara zao wenyewe, walihamia Mikumi. Marehemu akafungua banda la chakula kando ya barabara kuu, akiwapikia madereva wa malori ya Zambia. Maharage na mahindi vilitoka kwenye shamba lake mwenyewe, na shamba lilikuwa mpakani kabisa mwa hifadhi.

Hapo ndipo alipokutana na tembo. Wengi wenu mnakumbuka mwaka 1996, jirani yetu alipokanyagwa asubuhi kweupe akivuna mahindi. Marehemu ndiye aliyemkuta. Kwa wiki kadhaa hakukanyaga shamba, na banda likakaa bila moto. Kisha akaamka, akafunga kanga, akaenda, kwa sababu watoto walikuwa wanakula kutoka kwenye shamba lile. Alipomwona tembo njiani alitua mzigo, akapiga goti, akasema, "Shikamoo, baba." Alikaa hivyo mpaka mnyama alipogeuka na kuondoka. Akafanya hivyo mwaka baada ya mwaka. Madereva walimtania: "Mama Oswald, leo mzee kaitika?" Naye akawajibu, "Kaitika kwa masikio. Kula, chakula kinapoa."

Asubuhi moja ya Juni 2001 mtalii fulani alimpiga picha kutoka kwenye gari lake. Marehemu hakujua. Mwaka uliofuata, Deo, aliyekuwa amefungua chumba cha kompyuta jirani na stendi, alikuja bandani mbio.

"Shikamoo mama. Umo kwenye intaneti."

"Marahaba. Nimefanya nini?"

Alimpeleka akaione. Alikuwa ni yeye kweli, na ndoo ya maharage kando, na tembo dume amesimama mbele yake. Deo akamtafsiria maneno ya chini: mwanamke wa Afrika akimsalimu rafiki yake kila asubuhi. Akamweleza kwamba picha ile imezunguka dunia pamoja na ya paka anayenyonyesha watoto wa sungura na ya mzee aliyemfundisha kunguru kupanga foleni, na kwamba watu huko wanaitazama mpaka wanatoa machozi.

"Rafiki," marehemu akasema. "Mwulize aliyeandika kama aliona magoti yangu."

Hayakuonekana. Kanga ilikuwa imeyafunika.

Siku zile hakulala vizuri. Aliogopa kwamba watu wengi kiasi hicho wanaijua njia yake ya shambani, na aliogopa zaidi kwamba tembo naye siku moja angechoka kuamkiwa. Watalii waliposimama bandani wakiomba akaamkie tena, aliwapa chai, akakataa. Barua moja tu aliyoletewa na Deo ndiyo aliyoijibu. Mama mmoja wa Norwe, aliyekuwa anasubiri kupasuliwa, alitaka kujua jinsi mtu anavyoacha kuogopa. Marehemu akamwambia Deo aandike hivi: "Sijaacha. Naogopa kila siku, magoti yanatetemeka. Aamkie tu, kisha angoje." Baada ya miezi jibu lilikuja. Yule mama alikuwa amejifunza neno lile moja la Kiswahili, shikamoo, akauambia mlango wa chumba cha upasuaji, wauguzi wakamshangaa. Alikuwa amepona. Marehemu alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, shinikizo la damu lilimwangusha bandani. Akatibiwa, akarudi, akaanguka tena, na mwezi Januari tukampeleka hospitali Kilosa. Hatutawaficha: aliogopa sana kufa. Alimshika mkono dada yetu Doris, akamwuliza, "Huko nikifika nitasema nini?" Doris akamwambia, "Mama, si unajua la kusema."

Asubuhi ya tarehe 6 Februari 2005, Doris alikuwa akimfunika shuka vizuri, akaona magoti yanatetemeka. Akayawekea mkono. Marehemu aligeuza uso kuelekea mlangoni, pasipokuwa na mtu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Shikamoo." Kisha akakaa kimya, kama anavyokaa mtu anayengoja kuitikiwa. Doris anasema mkono wake ulikuwa bado pale magoti yalipotulia.

Marehemu ameacha mume, mzee Stefano, watoto, Oswald, Doris na Magdalena, wajukuu saba, na ndugu zake wa Kidete na Tabora. Pia ameacha watu wengi wa mbali ambao hawakuwahi kumjua jina, na Deo amewaandikia jana kwamba ametangulia.

Mama, tunaamini umeitikiwa. Pumzika, na magoti yako yapumzike.