Historia ya Mama Fomu, Aliyezivusha Chupa Getini kwa Halali

Ndugu waombolezaji, kazi hii sikuiomba, nimebebeshwa, maana wasomi wa familia hii walikaa kikao siku mbili wakatoa karatasi moja yenye tarehe ya kuzaliwa juu, tarehe ya kufa chini, na katikati maneno "alikuwa mtu wa watu", kana kwamba wanamwandikia mtu waliyesimama naye kwenye foleni ya benki, basi nikaichana, nikachukua daftari la hesabu la mjukuu, nikaandika mwenyewe, mimi niliyeishia darasa la tatu, kwa hiyo mkisikia sentensi inakwenda tu bila kupumzika mjue ni ya kwangu. Anayewasomea ni kitinda mimba wangu, mdogo wake marehemu, ambaye nimemwagiza asiruke mstari hata mmoja, nami nimekaa hapa mbele na nakala ya pili mapajani.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 9 Machi 1971, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto wangu wawili, na miaka minane baadaye alipozaliwa huyu mdogo wake, yeye ndiye aliyembeba mgongoni nikienda kibaruani, na niwaambie ukweli, hakumshusha mpaka Jumatatu hii alipofariki.

Alianza shule ya msingi Januari 1979 akamaliza 1985, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia 1986 hadi 1989, kisha mwaka 1991 akapata cheti cha uwakala wa forodha, kozi ambayo baba yake, kabla hajafa, aliiita kozi ya kujifunza kugonga mihuri, na marehemu akamjibu, "Baba, bila mhuri hata wewe hujazaliwa," mzee akacheka mpaka akakohoa.

Tarehe 6 Aprili 1992 aliajiriwa katika kiwanda cha chupa za chai kilicho ndani ya eneo huru la biashara, pale penye uzio wa waya mrefu na geti moja, na pamoja na cheti chake walimweka kwenye kufunga maboksi, akafunga miaka minne bila kununa, mwaka 1996 akapewa stoo, na mwaka 2001 akawa karani wa nyaraka za mizigo, dawati la karibu na dirisha, ambako wenzake walimpa jina la Mama Fomu, kwa sababu ukimwomba kalamu alikuuliza umejaza fomu gani.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 3 Desemba 1994 na fundi umeme mmoja mpole, aliyekuja kwangu kutengeneza swichi ya sebuleni, kazi ya nusu saa ikamchukua miezi minne, nikaelewa, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa 1996 na mvulana aliyezaliwa 1999, wote wako hapa, na yule binti aache kunikonyeza nifupishe.

Sasa niwaeleze jambo ambalo wengi wenu hamlijui vizuri ingawa mmelisema sana. Kiwanda kile kilisamehewa ushuru wa mitambo na malighafi kwa masharti kwamba chupa zote ziuzwe nje ya nchi, ndiyo maana mimi nilikuwa nimezaa mtengenezaji wa chupa za chai na chai yangu inapoa kwenye birika. Mwaka 2008 wanunuzi wa ng'ambo wakapunguza oda, mashine mbili kati ya tano zikazimwa, watu mia tatu wakaanza kuhesabu siku, na meneja wao, mtu waliyemwita Haraka kwa sababu hakujua neno jingine, akasimama dirishani kwa marehemu akasema, "Soko si lile pale ng'ambo ya barabara, naliona kutoka hapa, si tupeleke tu." Marehemu akamwambia, "Bosi, kutoka hapa hadi pale ni mbali kuliko kuvuka bahari, chupa ikipita geti hili inahesabiwa imetoka nchi ya kigeni."

Mimi nami sikuelewa, nikamuuliza jikoni kwangu, akaniambia, "Mama, chukulia kiwanda ni mgeni tuliyemjengea chumba uani, tukamwambia unga na mafuta ingiza bila kulipa chochote, mradi chakula chote ukauze mbali, sasa leo anataka kuwauzia majirani zetu ambao mafuta yao wameyalipia, huoni lazima abishe hodi kwanza?" Nikamwambia abishe, na akipita dirishani nitamwagia maji ya vyombo.

Basi akaanza kubisha hodi. Hodi ya kwanza ilikuwa kwa mamlaka ya eneo huru, kuomba kibali cha kuuza sehemu ya chupa katika soko la ndani, moja katika kila tano, na kuonyesha kwamba zile nne bado zitakwenda nje. Hodi ya pili ilikuwa forodha, kwamba kila shehena kabla ya kuvuka geti itaandikishwa kama bidhaa iliyoagizwa kutoka nje, ilipiwe ushuru na kodi ya ongezeko la thamani, na kila chupa ibandikwe stika kwenye kitako. Ya tatu ilikuwa kusajili kampuni nyingine nje ya uzio, yenye leseni yake, duka lake, stoo yake na wafanyakazi wake, isichanganye hata boksi moja na kiwanda, maana alisema ukichanganya tu, kampuni zote mbili zinakuwa mwizi mmoja. Hayo yalimchukua mwaka mzima, viatu jozi tatu, na faili nene ambalo alilibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Na hapo katikati ndipo lilipotokea lile jambo. Wiki ya kuanzia Jumatatu tarehe 15 Juni 2009 marehemu alikuwa aende vikaoni mamlaka siku zote tano, na mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimtafutia kazi pale mwaka 2005 ya kuendesha lori la kutupa chupa zilizovunjika, akamfuata akamwambia, "Dada, vioo vimejaa mpaka mlangoni, ukiwa huko kwenye vikao nani atanisainia?" Marehemu, mtu ambaye hakuwahi kumsainia hata mume wake karatasi tupu, akamsainia mdogo wake vibali vitano vya kutokea getini, vyote vitupu, idadi na aina ya mzigo ajaze mwenyewe, kwa sababu mtu uliyembeba mgongoni humsomi kama karatasi.

Jumatano tarehe 17 Juni, kibali cha tatu, mlinzi wa geti akasikia vioo havilii kama vioo vilivyovunjika, akapanda juu ya lori, akafukua, na chini ya vigae akakuta chupa nzima mia moja na ishirini, zimepangwa kwa mbao, zimefunikwa gunia. Dereva akasema, "Mimi dereva tu, nabeba kilichoandikwa, sahihi hiyo ya mkubwa." Marehemu akaitwa kutoka kikaoni, akawekewa kile kibali mezani mbele ya meneja na ofisa wa forodha, akautazama mwandiko, ambao aliufundisha yeye mwenyewe kwa kumshika mkono aliyeuandika, na wakati huo mke wa dereva alikuwa na mimba ya miezi minane, marehemu akasema maneno matatu, "Sahihi ni yangu," na zaidi ya hapo hakuongeza kitu.

Alisimamishwa kazi miezi saba, ombi la kibali likawekwa chini ya rundo, mashine ya tatu ikazimwa, na watu wakamvua jina la Mama Fomu wakamvisha la Mia na Ishirini. Jina hilo nimelisikia hata jana pale penye viti, masikio yangu bado mazima, sitawataja.

Februari 2010 Haraka alimfuata nyumbani kwake, kofia mkononi, maana faili lilikuwa limewashinda makarani wawili na mwanasheria, akamwomba arudi, akarudi, kwa mshahara ule ule na barua ya onyo la mwisho kwenye jalada lake. Mamlaka wakamuuliza kwa nini wakiamini kiwanda chenye doa, akawaandikia utaratibu mpya wa geti, kwamba mabaki yapimwe kwa mizani na kibali kijazwe chote mbele ya mtu wa forodha ndipo kisainiwe, yaani alilifunga kwa mkono wake tundu aliloliacha yeye. Kibali kilitoka Jumanne tarehe 5 Oktoba 2010, na duka lilifunguliwa Jumatatu tarehe 22 Novemba ng'ambo ya barabara, pale pale Haraka alipopaona kwa dirisha, na mashine tatu zilizokuwa zimezimwa zikawashwa moja baada ya nyingine, na wengi mliovaa viatu hapa leo mmevinunua kwa kazi ile. Lakini ukuu wa idara hakupewa hata siku moja, kila nafasi ilipotokea lile jalada lilifunguliwa na barua ile ikawa juu.

Chupa ya kwanza kuuzwa dukani niliinunua mimi, ya bluu, na risiti ninayo. Nilipoigeuza nikaona stika kwenye kitako, nikaenda kabatini nikageuza ile nyekundu aliyoniletea kitinda mimba Jumanne jioni tarehe 16 Juni mwaka uliotangulia, akisema, "Zawadi, Mama, meneja amegawa," nikakuta kitako kitupu kama kipara. Nilijua tangu siku hiyo. Nilimwonyesha mwenyewe, akatazama sakafu, nami nikairudisha kabatini, kwa sababu ndiye mdogo, kwa sababu mtoto wake alikuwa ameanza kutembea, na kwa sababu chai ilikaa moto, msinitazame hivyo. Marehemu alikuja kila Jumapili kwa miaka kumi na mitatu, akamimina chai kutoka ile nyekundu, na hakuwahi kuigeuza.

Mwezi Septemba 2021 figo zake zilianza kushindwa, akalazwa mara nne, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na faili la hospitali alilipanga kwa tarehe mpaka manesi wakamwazima awapangie na ya wengine. Alifariki Jumatatu tarehe 14 Agosti 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani walioleta viti na maji bila kuitwa, wafanyakazi wenzake waliofunga duka leo kumsindikiza, Haraka aliyekuja ingawa amestaafu na leo hana haraka, na mlinzi wa geti, yule kijana wa wakati ule ambaye sasa ana mvi, aliyeniambia jana hana raha, baba hukukosea, ulifanya kazi yako. Namshukuru pia ofisa wa forodha aliyekaa safu ya tatu, na namwarifu kwamba chupa nyekundu ninayo hapa miguuni, Jumatatu naileta ofisini kwako uniambie inadaiwa nini.

Ukurasa huu wa mwisho nimeuongeza leo asubuhi. Msomaji wenu alipoyaona niliyoandika alinifuata chumbani akaniambia, "Mama, nitalipa jeneza, nitalipa turubai, nitalipa gari, huo ukurasa wa chupa utoe." Nikamwambia jeneza mkwe wangu ameshalipa, turubai ni la jirani, na dada yako hakudai turubai. Akalia, nikamwacha amalize, nikampa maji, maana ni mwanangu na bado ninaye huyu mmoja tu. Kisha nikamwandikia mstari wake, ausome kwa sauti ile ile aliyosomea tarehe, kisha aje akae hapa karibu yangu, kiti nimemwekea.

Dada, vibali vile nilivijaza mimi, chupa mia na ishirini ni zangu, na jina hilo kuanzia leo niitwe mimi. Shusha mzigo, dada, upumzike.