Kibofu Kitupu

Wanawake wenzangu wa darsa, amani iwe juu yenu. Mniwie radhi, leo nitataja mkojo mbele ya misahafu, kwa sababu mkojo ndio uliotaka kunizika.

Sisi wa Somanga tunaolima mpunga bondeni, nani hapa hakukojoa damu utotoni? Tuliambiwa ni kichocho, tukameza vidonge, tukarudi majini. Basi nilipoiona tena, na wajukuu ninao, sikushtuka. Nikameza vidonge. Damu ikakata, kisha ikarudi na mabonge meusi. Nikawa nafua nguo zangu kando, binti zangu wasione.

Daktari wa zahanati akaniandikia kipimo cha utrasaundi mjini. Akasisitiza ninywe maji mengi na nisikojoe mpaka nipimwe, maana kibofu kikiwa kitupu hakionekani vizuri. Nikanywa. Foleni ndefu, nimebanwa mpaka natoka jasho. Mara ikaadhiniwa adhuhuri. Ndugu zangu, nawaambia, mimi sijawahi kusali nimebanwa. Tumefundishwa hapahapa kwamba haipendezi. Nikaenda chooni, nikatia udhu, nikasali. Nikarudi kwenye benchi roho nyeupe, kibofu hakina kitu.

Binti wa kipimo akanipaka jeli ya baridi, akapitisha kile kifaa tumboni, akauliza kama nimekojoa. Nikamwambia ndiyo, nimetoka kusali. Hakunigombeza. Alisema kuna mahali hapampendezi, ila kibofu kimejikunja, hawezi kusema lolote. Nirudi kesho.

Nyumbani nikasema nimepimwa, mzima. Nilidanganya kwa sababu niliogopa. Wakanisomea dua, wakapika pilau, nami nikala. Nikapalilia mpunga, nikavuna. Mwili ukapungua, mashoga zangu mkanisifia umbo, nami nikaringa.

Asubuhi moja mkojo ukagoma kabisa. Tumbo likatuna, nikajikunja juu ya mkeka. Mdogo wangu akaja, akanitazama.

"Dada, mjini walikwambiaje?"

"Nirudi kesho yake."

"Kesho ipi?"

Alilia, kisha akatafuta gari.

Safari hii kibofu kilijaa bila kuambiwa. Nilimkuta binti yuleyule. Alikuwa akinisemesha, mara akakisimamisha kifaa mahali pamoja. Nikaomba nione. Kwenye kioo mkojo ulikuwa weusi mtupu, na ndani yake uvimbe umeota ukutani, umetulia. Sijapata kuogopa kitu namna ile. Akamwita daktari, wakauzibua mkojo kwa mpira, na siku hiyohiyo nikapewa rufaa ya Dar es Salaam.

Huko wakakata kipande, wakakipima. Ni saratani ya aina isiyowapata watu wengi. Daktari alisema kichocho kilichokaa miaka kinaweza kuileta. Wakaniondoa kibofu chote. Mkojo wangu sasa unatokea tumboni, kwenye mfuko, huu hapa chini ya kanga. Bado naitwa kupimwa, na kila nikilala pale nashika ukingo wa kitanda kabla hawajanigusa.

Alhamdulillahi, nipo. Namshukuru mdogo wangu aliyenilaza mapajani njia nzima. Namshukuru binti wa kipimo. Namshukuru ustadhi wetu, aliyenieleza kwamba mwenye mfuko kama huu hutia udhu kila wakati wa sala, akasali. Akanikumbusha pia kwamba adhuhuri ile ilikuwa na muda wa kutosha. Ningepimwa kwanza, nikasali baadaye. Nililia sana siku hiyo.

Basi mtu mzima akikojoa damu asiishie kwenye vidonge, apimwe. Na akiambiwa arudi, arudi.

Tangu nianze kusema, mwenzetu mmoja amenyanyuka kwenda uani mara tatu, na sasa hivi ametoka tena. Sitamtaja. Akirudi, msimtazame. Mwambieni tu kwamba Jumatatu asubuhi napanda gari la mjini, na nimemshikia nafasi.