Wewe ni wa Ngapi?

Bwana asifiwe! Naona wengine mmeitikia kwa mdomo tu. Bwana asifiwe tena, ndugu zangu wa Bwera, wa Kasese, na nyinyi wa ng'ambo ya mpaka! Anayesema nanyi ni Kule wa Chumvi. Kama hunijui, basi nyumbani kwako mnakula mboga chapwa.

Shule niliacha darasa la tatu. Nilianza na baiskeli moja, nabeba chumvi kutoka ziwani Katwe mpaka Bwera, jasho na chumvi vinanila mgongo. Leo nina malori. Hakuna tajiri aliyenishika mkono, ni Mungu na miguu yangu. Na sikuandika kitu! Wateja wote, wa Kinyamaseke, wa Rukoki, wa Kongo, niliwaweka hapa kichwani: jina la mtu, jina la mama yake, chumvi gani anapenda. Wasomi wana karatasi, mimi nina kichwa. Sasa sikieni adui alikuja kupiga wapi. Kichwani!

Kwa wageni niseme hivi. Sisi Wakonzo tunapewa majina kwa mpango wa kuzaliwa. Mvulana wa pili ni Baluku, wa tatu ni Bwambale, wa tano ni Kule, ndio mimi. Msichana wa pili ni Biira. Ukijua namba ya mtu, umejua jina lake.

Baba yangu, alipokuwa bado na nguvu zake za kulima, alianza kusalimia watu hivi: "Wewe ni wa ngapi?" Mtu anajibu, "Wa tatu, mzee." Baba anapiga makofi: "Ah, Bwambale! Umekuwa mkubwa!" Watu wanacheka, wanasema mzee ana utani. Hata sisi watoto wake tulicheka. Kumbe majina yalikuwa yamemtoka, na yeye anayavua kwa namba kama samaki! Tulijua siku alipomtazama mama yetu, akamwuliza kwa heshima, "Na wewe ni wa ngapi?" Mama akaweka sufuria chini. Akasema, "Mimi sina namba hapa. Mimi ni mke wako."

Ndugu zangu, baba alikufa bila kumjua tena mama yetu. Halafu ugonjwa ukamshika kaka yangu Baluku, kabla hata ya mvi. Wajomba wakasema tumerogwa kwa wivu wa malori yangu. Mimi nikasema ni uchovu tu, wamefanya kazi sana. Kichwa changu ni chuma!

Ikafika siku ya soko, pale mpakani. Napakua magunia, watu wengi, kelele. Msichana mmoja anakuja na chupa ya chai, anatabasamu. Uso naujua kabisa. Natafuta jina, hakuna. Natafuta tena, hakuna! Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, ukasema, "Wewe ni wa ngapi?"

Alikuwa binti yangu. Biira wangu mwenyewe. Akacheka, "Baba na utani wako!" Lakini mama yake alikuwa nyuma yake, na yeye hakucheka. Tulitazamana, mimi na mke wangu, na chai ikapoa. Tangu siku hiyo nikawa nawahesabu watoto wangu kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani, midomo inacheza kama ya mchawi. Nikipata majina yote, nasema leo bado. Nikikwama kwa mmoja, natokwa jasho mpaka shuka inalowa. Wateja nikawa nawakwepa, mimi Kule, najificha nyuma ya lori langu! Nani alijua? Mke wangu na Mungu.

Nikaenda Kampala kwa daktari, Mkenya mmoja. Wakatoa damu, wakaipeleka nje ya nchi. Nikangoja mpaka usingizi ukanikimbia. Siku ya majibu akanieleza kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu ni cha kuuzia chumvi tu: "Mzee, una jeni mbili za ugonjwa huu wa kusahau. Moja umerithi kwa baba, nyingine kwa mama." Mimi nikasikia JINI! Majini mawili! Sikungoja neno lingine, nikachukua kofia yangu, nikapanda basi la usiku mpaka Kasese.

Mchungaji wetu akaita waombaji. Tukakemea! Jini la baba, toka! Jini la mama, toka! Vumbi likapanda. Nikaanguka, nikainuka, na kofia niliyoishika mkononi nikaitafuta chini ya viti. Mchungaji akapangusa jasho, akasema, "Ndugu Kule, mpigie huyo daktari simu. Tunataka majina ya haya majini."

Nikapiga, sauti ikasikika kanisa zima. "Majini?" daktari akauliza. "Mzee, ni jeni! Je-ni! Ni kitu unachorithi ndani ya damu, kama ulivyorithi pua ya baba yako."

Mama mmoja wa kwaya akasema, "Yesu wangu! Kumbe tumekemea pua!"

Cheka, ndugu, hata mimi nimecheka, lakini baadaye. Siku ile niliishika simu kwa mikono miwili. Nikamwuliza daktari mbele ya watu wote, "Basi ndio nimekwisha?" Akasema, "Hapana. Ungekaa ungesikia. Hii ni hatari kubwa kuliko ya wengine, lakini si hukumu. Wako wenye jeni hizo wanazeeka na akili zao. Kinachonitisha leo ni presha yako, sukari, pombe na kukosa usingizi. Hivyo tu vinaweza kumsahaulisha mtu jina la mwanawe. Hapo Kasese yuko nesi, ni kocha wa afya. Nenda kwake."

"Kocha? Nicheze mpira na kitambi hiki?"

Lakini nilikwenda. Na hapo, ndugu zangu, ndipo wokovu wangu ulipoanza! Huyo nesi, Madamu Masika, ni mwanamke mfupi, hanyanyui sauti, na mama yake mzazi alikufa kwa ugonjwa huo huo. Akaniambia, "Baba Biira, mimi sifukuzi jeni. Hiyo utazikwa nayo. Mimi nafukuza marafiki zake." Akataja marafiki mmoja mmoja: soda, bia, nyama ya nguruwe ya kukaanga, bundu, ule ugali wa muhogo ninaoupanga kama mlima Rwenzori. Niliinama tu. Halafu akasema, "Na chumvi."

"Madamu! Mimi ni Kule wa Chumvi!"

"Iuze. Nani amekuambia uimalize?"

Nikaanza. Maharage, dodo, ule mchicha wetu, samaki wa kuchemsha, parachichi la shamba langu mwenyewe. Dawa za presha kila siku, usingizi mapema, na dukani naenda kwa miguu. Kila jioni nampigia picha sahani yangu, namtumia. Siku moja nikajaribu kumdanganya kwa kuficha bundu chini ya mboga. Akajibu, "Hii sahani ni ya watu wangapi?" Vijana wa bodaboda nao wakanizomea njiani: "Patron, lori imekamatwa? Kumbe matajiri nao iko natembea!" Nikawajibu, "Nyinyi kaeni hapo mnenepe!"

Niliporudi kwa daktari, presha ilikuwa imeshuka na kichwa kimetulia. Hakusema nimepona. Nami sisemi, maana nasimama mbele za Mungu. Jeni ziko, mbili, hazijahama. Aliyetoka ni woga! Nilikuwa nimeshazikwa, ndugu zangu, na nilikuwa naendesha malori kutoka kaburini!

Kwa hiyo wewe unayemficha mzee wako chumba cha nyuma, usimpeleke kwa mchawi. Usimcheke. Kaka yangu Baluku ananiuliza kila nikimlisha, "Wewe ni wa ngapi?" Namjibu, "Wa tano, kaka, mdogo wako." Hata akiuliza tena kabla ya kijiko kingine, namjibu tena. Na wewe unayejihesabia watoto kitandani kwa siri, njoo kwangu. Nitakupeleka kwa Madamu Masika kwa gari langu. Omba, upime, ule vizuri. Mungu aliyeumba kichwa ndiye aliyeumba dodo!

Nimalizie. Jumapili hii Biira alisimama mlangoni na chupa ya chai, akanitazama, hatabasamu. Akauliza polepole, "Baba, mimi ni wa ngapi?"

Nikamwambia, "Mimi sikujui kwa namba. Wewe ulizaliwa Kinyamaseke, mvua inanyesha, ndani ya lori langu la kwanza, juu ya magunia ya chumvi, na ulilia mpaka askari wa barabarani akatuachia njia."

Ndugu zangu, semeni amina. Semeni sasa, mmoja mmoja, nikiwa nawajua kwa majina!