Rupia Zilizosuguliwa

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Mimi ni Baba Tusekile wa Kawetele, niliyefanya kazi kiwanda cha chai mpaka nikastaafu. Nasimama mbele yenu kumshukuru Mungu.

Mke wangu alipofariki, nyumba ilinyamaza. Watoto wako Dar es Salaam, wana maisha yao. Nilikuwa napika ndizi, nakula kidogo, zinazobaki nampa ng'ombe. Kwa mvua zetu hizi, mtu anaweza kukaa siku nyingi asisikie sauti ya mwenzake.

Ndipo nikakutana na bwana mmoja pale Kiwira, muuza sarafu za kale, zile rupia za Wajerumani zenye picha ya simba. Alichukua namba yangu, akawa ananipigia jioni. "Baba, umeshindaje? Umekula?" Hakuna mwingine aliyeniuliza hivyo. Kisha anasema, "Nimekuwekea moja ya daraja la juu kabisa. Haijawahi kutumika, ndiyo maana inang'aa. Itapanda bei." Nikanunua. Nikanunua tena. Mwishowe nikauza ng'ombe.

Paa lilipoanza kuvuja, nilizipeleka rupia zile Mbeya niziuze, kwa mama mmoja anayenunua vitu vya kale. Alizitazama kwa lenzi, moja moja.

"Baba, sarafu ni za kweli. Daraja ndilo la uongo. Hizi zimetumika sana, tazama simba alivyofutika manyoya. Zimesuguliwa tu zing'ae. Bei uliyolipa ni ya sarafu nyingine kabisa."

Nikampigia yule bwana. "Bei ni makubaliano, mzee," akasema, akakata. Siku ile sikuwa baba tena. Na niwaambie ukweli, ndugu zangu: ukimya wa simu ile uliniuma kuliko ng'ombe. Kwa aibu nikaacha hata kuja kanisani.

Mama Atupele, kiongozi wa jumuiya yetu, alinifuata mvua ikinyesha. Akaniuliza jambo mlangoni, nami nikakwepa, "Sijambo, mama."

"Sikuuliza kama hujambo," akasema. "Nimeuliza unakaa na nani humu."

Nilitaka kujibu, nikalia. Nikamweleza yote. Hakucheka. Alikoroga uji, tukanywa, tukaomba. Kesho yake wazee wa kanisa wakanisindikiza Kiwira. Yule bwana alipoona sikuja peke yangu, alirudisha sehemu ya fedha. Imetosha mabati. Ng'ombe hakurudi.

Sitawadanganya, jioni nyingine bado ni ndefu. Lakini Mungu alinitoa shimoni, na hakutuma malaika. Alituma mama mwenye matope miguuni. Ndaga, asante sana, Mama Atupele.

Kama upo hapa na umebeba jambo peke yako, mtumaini Bwana, umwambie na mtu. Ibada ikiisha nitasimama pale mlangoni. Anayepanda njia ya Kawetele anisubiri, twende pamoja. Amina.