Landrova ya Hermani na Ng'ombe wa Gehandu

Benchi la Saleh pale Dongobesh ni ubao mmoja mrefu juu ya mawe mawili, mbele ya duka, mahali ambapo jua la asubuhi hufika kabla ya kwingine. Mwezi wa saba baridi ya huko juu haina adabu, kwa hiyo benchi lilikuwa linajaa mapema. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, mpya kiasi kwamba wafanyabiashara waliendelea kuandika Arusha kwenye magunia yao ya vitunguu swaumu. Saleh mwenyewe, mzee ambaye baba yake alipanda kutoka Kondoa na biashara ya chumvi, alikaa kwenye kigoda pembeni ya jiko la mkaa akimimina kahawa. Upande wa kulia wa benchi alikaa Akonaay, anayeitwa Daktari kwa sababu anauza dawa za mifugo mnadani. Binadamu hajawahi kumtibu, ila kumshauri hajawahi kukataa. Upande wa kushoto alikaa Tito, jina la kijiweni Gia, fundi baiskeli mwenye maoni juu ya kila kitu chenye magurudumu na kisicho na magurudumu. Nafasi ya katikati ni ya Hermani, Kepteni, mwenye Landrova ya petroli inayobeba watu na mbuzi kwenda mnada wa Katesh. Asubuhi hiyo Hermani aliegesha gari mbele ya duka bila kuzima injini, maana betri ilikuwa imekufa na kuliwasha tena ni mpaka lisukumwe. Akafunga mlango, akaja kukaa, na kahawa hakuomba.

— Shikamoo, Mzee Saleh.

— Marahaba. Umerudi kutoka hospitali?

— Nimerudi jana.

— Wamesema nini?

— Wamesema hawaoni kitu, akasema Hermani. Damu safi, mkojo safi, presha ya kijana. Wakaniambia nirudi nyumbani nikapumzike.

Daktari akaweka kikombe chini.

— Hapo ndipo penye hatari, Kepteni. Ugonjwa unaoonekana unatibika. Huu umejificha.

Hermani hakubisha, kwa sababu hata yeye ndivyo alivyoelewa. Tangu baridi ianze, kichwa kilikuwa kinampasuka kila akirudi kutoka mnadani. Anatoka Katesh mzima, anacheka na abiria, na akishaanza kupanda macho yanaingia giza, tumbo linageuka, masikio yanalia. Anafika nyumbani anashikilia ukuta. Baba yake aliondoka hivyo, kichwa kwanza, na kabla ya Pasaka walikuwa wameshamzika. Hermani alikuwa anaogopa, tena sana, na kwa kuwa mwanaume wa pale haogopi mbele ya watu, uoga wote aliuweka tumboni, ukawa unamla huko.

— Na jana usiku, akasema taratibu, nimemwambia Mama Irene ng'ombe waliko.

Saleh aliacha kupuliza mkaa.

Kwa mgeni maneno hayo ni ya kawaida. Lakini kule Mbulu na Hanang mwanaume haweki ng'ombe wake wote zizini kwake. Anabakiza wachache wa maziwa, wengine anawawekesha kwa marafiki, huyu kwa fulani, yule kwa fulani, mpaka kule Gehandu. Ugonjwa ukiingia boma moja, hauli mali yote. Mwenyeji anakunywa maziwa, mwenye ng'ombe anabaki na rafiki, na hesabu inakaa kichwani mwa mwanaume peke yake. Mke haambiwi. Anakuja kuambiwa siku mume akiona safari yake imefika.

— Umemwambia wote? akauliza Daktari kwa sauti ya msibani.

— Wote. Na wa Gehandu pia.

— Pole sana, ndugu yangu.

— Alilia mpaka jogoo akawika, akasema Hermani. Irene naye alisikia, akaja kusimama mlangoni.

Tito Gia hakuzoea maombolezo, yalikuwa yanamwasha mwilini.

— Ngoja kwanza, jamani, tusimzike mtu anayepumua. Kepteni, kichwa kinakuuma ukishuka au ukipanda?

— Nikipanda.

— Basi hewa. Huku juu hewa ni kidogo.

— Mimi nimezaliwa huku juu, Gia.

— Ndiyo, lakini siku hizi unashinda Katesh. Mapafu yamezoea hewa ya bure ya kule chini.

— Hewa siyo, akasema Daktari. Ni kupe. Anabeba mbuzi wa watu nyuma ya kisogo chake. Kupe wa mbuzi akihamia kwa mtu anaingia sikioni, anajenga. Ningekuwa na dawa ya kuogesha hapa ningemwosha leo hii.

— Umwoshe Kepteni kwa dawa ya kuogesha ng'ombe? akauliza Tito.

— Kwa kipimo cha ndama.

Saleh akatikisa kichwa.

— Mimi naona ni hiyo petroli ya mapipa. Zamani mafuta yalikuwa ya serikali, yanapatikana kwa shida lakini mtu unajua unachonunua. Siku hizi kila mwenye pipa na mpira ni kituo cha mafuta. Wanachanganya na vitu.

— Mzee Saleh, anayekunywa petroli ni gari, siyo Kepteni, akasema Tito. Nyie hamfikiri mbali. Hebu niulize: Kepteni, kabla ya huu mkoa mpya ulikuwa unaumwa?

— Hapana.

— Umeona. Umezaliwa mkoa wa Arusha, umekula mkoa wa Arusha, umeoa mkoa wa Arusha. Wakaja watu na karatasi, wakakuhamisha bila kukunyanyua. Kichwa kimepokea habari kwenye redio, mwili haujaambiwa. Hapo katikati ndipo panapouma.

— Mbona wewe huumwi? akauliza Daktari. Na wewe umehamishwa.

— Mimi nilikuwa tayari kisaikolojia.

Hermani alitamani kucheka. Aliwapenda hawa watu. Alifikiri jinsi watakavyokaa hapa mwezi ujao, nafasi ya katikati wazi, Gia akisogea kidogo kila siku mpaka siku moja aizibe kabisa. Aliona uchungu hata kwa ubao ule.

— Basi, niachieni, akasema. Nilikuja kuwaaga tu kabla sijalala kitandani.

— Hulali kitandani, akasema Tito akisimama. Nimeshajua. Ni kiti. Kiti cha Landrova yako kimelala upande, kinabana mshipa wa shingo. Barabara ikipanda, shingo inapinda, damu haifiki juu. Nitakaa mwenyewe nikuonyeshe. Huwa unakaaje ukiwa unapanda?

— Vioo juu, koti mpaka hapa, miguu kwenye ngozi.

Ngozi yenyewe ilikuwa ya ng'ombe, ngozi nzima, Hermani aliitandika chini mwanzoni mwa baridi. Sakafu ya Landrova ilikuwa imeliwa na kutu, upepo wa mlimani unakata miguu, na mkewe Fabiola, huyo Mama Irene, anayekwenda naye mnadani kuuza vitunguu, alikuwa analalamika. Kwa hiyo aliziba matundu kwa ngozi, akafunga vioo, akaona amemfanyia mke wake jambo la maana.

Tito akaingia, akafunga mlango, akapandisha kioo, akajifunika koti mpaka masikioni. Akapinda shingo kushoto, akawaonyesha kwa kidole. Hakuna aliyemwangalia, kwa sababu Daktari alikuwa amerudi kwenye kupe. Alieleza jinsi kupe anavyojenga, anavyooa, anavyogawa vyumba. Saleh alimjibu kuwa sikio la mtu halina nafasi hiyo. Daktari akasema inategemea na sikio, akamwomba Hermani ageuke. Wakamimina duru nyingine, na sasa Hermani akapewa kikombe kwa lazima. Kahawa ilikuwa kali, akainywa. Injini iliendelea kutetemeka pale mbele, na Tito walimsahau kama mwavuli uliosahauliwa kanisani.

Mlango wa Landrova ulipofunguka, Tito hakushuka, alimwagika. Alishikilia mlango, macho mekundu, akatembea hatua ambazo hazikujua zinakwenda wapi, akainama penye gurudumu na kutapika kahawa yote ya asubuhi.

— Kichwa, akasema. Jamani, kichwa kinapasuka. Masikio yanalia.

Daktari aliruka kutoka kwenye benchi akaenda kusimama upande wa pili wa jiko.

— Unaambukiza, akasema. Kepteni, usimguse. Na wewe usiniguse. Kupe amehama.

Hermani hakumsikia. Alikuwa anamwangalia Tito, na alichokiona ni yeye mwenyewe akifika nyumbani: mkono ule ukutani, shingo ile imeinama, masikio yale. Mtu mzima, aliyekuwa anatania sasa hivi, amekaa kwenye kiti chake kwa muda wa kahawa tu, ameshuka na ugonjwa wake wote. Akaweka kikombe, akaenda kwenye gari.

Alifungua mlango, akashika ukingo wa ngozi, akaivuta. Moshi wa bluu ukapanda kutoka kwenye matundu ya kutu, taratibu, bila haraka yoyote, kama uliokuwa umepanga humo. Hermani akalala chini, akachungulia chini ya gari. Bomba la moshi halikufika nyuma. Wakati wa kiangazi liligonga jiwe kwenye korongo, fundi wa Katesh akakata kipande kilichoning'inia, akamwambia gari litanguruma kidogo lakini nguvu itaongezeka. Hermani aliipenda ile ngurumo. Tangu siku hiyo moshi ulikuwa unatokea chini ya kiti chake, na vioo vikiwa wazi upepo uliubeba. Baridi ilipokuja, akaufungia ndani yeye mwenyewe, na injini ikijitutumua mlimani ulizidi; abiria wa nyuma, penye wazi, walikula upepo tu.

— Moshi, akasema kutoka chini ya gari. Ni moshi.

Saleh alikuja na tochi, akainama, akaguna.

— Ni sawasawa na mtu kulala na jiko la mkaa ndani ya nyumba, milango imefungwa. Wangapi tumewazika hapa kila baridi? Na wewe, Hermani, pua yako ilikuwa wapi?

— Landrova ya petroli ni harufu tangu zamani, Mzee. Isiponuka ndiyo unashtuka.

Akatoka chini, mgongo umejaa vumbi, akakaa hapohapo ardhini. Hakuna ugonjwa uliojificha. Hakuna ugonjwa wa baba yake. Bomba tu, na kipande cha chuma cha kuunganisha. Furaha ilimjia vibaya, ikamtoka machoni, akajifuta kwa mkono wenye grisi na kujipaka uso mzima. Tito, aliyekuwa amelala chali chini kando ya benchi, alinyanyua kidole.

— Nilisema ni kiti.

— Ulisema mkoa, akasema Daktari, aliyekuwa amerudi kukaa.

— Nilisema vyote.

Hapo ndipo Fabiola alipotokea kwenye kona, kanga kichwani na macho yamevimba kwa kulia. Alikuwa amemfuata mume asije akaangukia njiani. Akamkuta chini, uso mweusi wa grisi, anacheka na machozi, akaweka mkono kifuani.

— Baba Irene, umeanguka?

— Sijaanguka, Mama Irene. Siumwi. Njoo uone, siumwi.

Wakamweleza wote wanne kwa pamoja, bomba, ngozi, matundu, Gia kutapika. Fabiola alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama ndiyo maana na yeye kichwa kilikuwa kinamgonga siku za mnada, akaambiwa ndiyo. Akauliza kama ni hakika, akaambiwa amwangalie Tito. Akamwangalia. Akakaa kwenye benchi, katikati, mahali ambapo mwanamke hajawahi kukaa, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Akajifunika uso kwa kanga, mabega yakacheka au yakalia, ilikuwa vigumu kujua.

— Asante Mungu, alisema mara kadhaa. Asante Mungu.

Saleh akampa kahawa. Akainywa, akashusha pumzi ndefu, akamgeukia mumewe. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

— Baba Irene. Mwezi wa kwanza Irene alipofaulu kwenda sekondari, uliniambia hakuna hata ng'ombe mmoja wa kuuza. Mtoto akakaa nyumbani. Sasa wale wa Gehandu walikuwa wapi siku ile?

Hermani aliangalia bomba.

— Walikuwa Gehandu, akasema.

— Jumamosi tunakwenda Gehandu.

— Tutakwenda.

— Na vioo wazi.

— Wazi.

Daktari akakohoa, akaona ni wajibu wake kuokoa heshima ya wanaume.

— Shemeji, usimlaumu. Ndivyo ilivyo kwetu. Mke anaambiwa wakati ukifika.

Fabiola alimtazama Daktari, akamtazama Tito aliyelala, akarudi kwa mumewe. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kujua tu.

— Kwani lazima mtu awe anakufa ndiyo mke wake ajue ng'ombe waliko?

Daktari alijishughulisha na kikombe kitupu. Kila mtu alijua ana ng'ombe watatu kule upande wa Balangida ambao mkewe hajawahi kuwasikia. Tito, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu tangu azaliwe, alijifanya amesinzia. Saleh alishika birika, akalitikisa, halikutoa sauti, akaanza kuliosha ingawa hakuna aliyemwomba.

Wote wakamwangalia Hermani. Aliketi pale vumbini, kichwa kikiwa chepesi, mapafu yamejaa hewa baridi ya Dongobesh, akatafuta jibu la mkewe huku na huku. Hakulipata, na alifurahi mno kuwa hai na kulikosa.