Ufunguo Nyuma ya Dashibodi

"Gari likijiwasha kwa rimoti, litamjuaje mwenyewe?" jirani aliwahi kumuuliza mjane, naye akacheka tu. Leo, ndani ya basi, alikuwa akimweleza fundi umeme wa magari aliyeketi naye: "Gari la marehemu mume wangu, nililolifungia rimoti ya kuliwasha, limeibwa. Nimemshtaki mlinzi, maana haliendeshwi bila ufunguo, nao huwa namwachia yeye."

"Mama, aliyekufungia rimoti hakukuomba ufunguo wa akiba?"

"Aliuomba, mwanangu. Nikasahau kuudai."

"Basi kauficha nyuma ya dashibodi, kuhadaa ulinzi wa kiwandani unaozuia injini kuwaka bila ufunguo. Tangu hapo gari linadhani wewe mwenye ufunguo uko ndani. Hata mimi ningeondoka nalo nikipiga mluzi."

"Mlinzi yuko rumande siku ya tisa. Kila alfajiri namwombea atubu."

Fundi akageukia dirisha. Basi likasimama mbele ya kituo cha polisi, mjane akashuka, akaingia kituoni.